Picha Iliyokuwa Peke Yake Kongo Nzima

Zilinukia shikleti za kutafuna zilizofungwa nazo, zile picha za wachezaji wa mpira: utamu mkali wa ndizi ambayo haijawahi kuota Butembo wala kwingine kokote. Tulizifungua asubuhi za baridi tukienda shule, tukatafuna, tukanusa, tukabadilishana. Kasereka, mtoto wa muuza jumla wa mtaani kwetu, alikuwa na moja ya golikipa mwenye masharubu, akatangaza kwamba Kongo nzima hakuna nyingine. Ushahidi wake ulikuwa nyuma ya picha, kwa herufi ndogo: modèle déposé. "Unaona? Ingine iliwekwa ku banque," alisema. Mimi, wa kwanza darasani kwa Kifaransa, nikathibitisha mbele ya wote: déposer ni kuweka, na vitu vya maana huwekwa benki. Kumbe maneno yale yalisema tu kwamba mchoro umesajiliwa, usiigwe. Diploma zangu zote za chuo kikuu hazijanifutia asubuhi ile.

Kwa picha hiyo Kasereka alitaka sungura wetu, mwenye mimba. Mdogo wangu Masika ndiye aliyemkatia majani kila siku, na alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyemtafsiria. Juma lililofuata baba yake Kasereka alifungua katoni mpya ya shikleti, na golikipa yule akazagaa mtaa mzima. Masika akazigeuza picha za wenzake moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa modèle déposé. "Yaya," aliniambia mimi mkubwa wake, bila kulia, "hiyo banque yako iko kubwa." Kisha akaenda kupiga mateke mlango wa akina Kasereka, mpaka mama yake Kasereka akatoka kusema kwamba sungura ameshaliwa Jumapili.

Leo naishi Beni, na damu inanichemka upya. Watu wazima wenye ndevu wanauza picha za namna ileile kwenye kundi la simu, zimefungwa plastiki kama dawa: ya pekee duniani, haitapatikana tena, wahi kabla ya kesho. Wanajiita wataalamu. Binti yangu anataka kuwapa cherehani yake ili apate moja. Niliandika kwenye kundi lao swali moja tu: nani amezihesabu? Msimamizi akajibu kwamba papa huyu, yaani mzee huyu, ana wivu, halafu akanitoa. Kasereka angalau alikuwa na mlango. Hawa sijui hata wanalala mji gani, na binti yangu ameshaipiga picha cherehani ili awatumie.