Kona ya Chini Kushoto

Saa nane mchana. Katika chumba cha gemu nyuma ya duka la vipuri, Mama Vioo ameketi mbele ya runinga, padi ya kuchezea mkononi. Padi ya pili iko juu ya kiti cha jirani. Hakuna aliyeishika, wala waya wake haujachomekwa.

Kwenye runinga, vikatuni viwili vimesimama juu ya jukwaa linaloning'inia ubavuni mwa ghorofa. Kila kimoja kina kamba yake na kitambaa chake. Vikivuta pamoja, jukwaa hupanda na madirisha hung'aa. Kimoja kikifanya pupa, linapinda na vyote viwili chali. Hapo watoto wanaokuja kucheza humu huangua kicheko. Mama Vioo hacheki.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mwenye chumba anamtania. "Ukicheza peke yako, mashine ndiyo inamchezesha yule wa pili."

"Mashine inafuta dirisha zima," anajibu bila kugeuka. "Huyu anabakiza kona."

Kweli bwana! Kikatuni cha pili kinafuta kioo chote, kinaacha pembe ya chini kushoto, upana wa kiganja, kisha kinasimama kusubiri. Mwenye chumba utani unamwisha.

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu alifuta madirisha ya maghorofa pamoja na kaka yake. Huko juu upepo hula maneno, hivyo walikuwa na alama yao: kaka anabakiza kona, dada anaifuta. Ikishafutwa, wote wako tayari, kamba zinalegezwa. Kabla ya hapo, hakuna kugusa kamba.

"Siku ile nilikuwa na haraka," anasema. "Nikalegeza, kona bado chafu. Yeye ameinama anachukua ndoo. Ni mimi niliyemwangusha. Msiniambie eti upepo."

Ilikuwa ghorofa ya kumi na tisa, miezi tisa iliyopita. Hajapanda tena. Msimamizi amempa mpaka Jumatatu: apande, au nafasi yake apewe mwingine.

Humu aliingia mwezi uliopita, kujikinga na mvua tu. "Nilipoiona ile kona, mwili ulinisisimka. Nikasema, mama yangu wee, ananisubiri!" Tangu hapo hucheza kila siku, na kila siku huacha muda wa gemu uishe. Kona hajaigusa.

Leo binti wa kaka yake amemfuata. Wiki iliyopita alifuzu mafunzo ya kamba, na anataka kupanda na shangazi yake.

"Shangazi, unaogopa nini tena?"

"Nikiifuta, atateremka aende zake."

"Si ndicho alichokuwa anataka?" Machozi yanamlenga binti. "Baba kachoka kusimama hapo."

Zimebaki sekunde sita. Mama Vioo anabonyeza. Kona inang'aa. Kikatuni cha pili kinashika kamba, na jukwaa linashuka taratibu, limenyooka, mpaka chini. Juu ya kiti, padi isiyochomekwa inatetemeka mara moja, inanyamaza. Mwenye chumba anakumbuka ana shughuli nje.

Jumatatu watapanda wawili, shangazi na binti. Mama Vioo ameshapanga kazi itakavyokwenda.

"Safari hii mimi ndiye nitakayebakiza kona," anamwambia binti, akimshika mkono. "Wewe ndiye wa kuifuta. Usipoifuta, mwanangu, kamba siigusi, hata jua lituzamie huko huko juu."