Saa Nne ya Bamvua

Nilikuwa na daftari la kurasa mia mbili. Juu yake niliandika: Maisha na Kazi za Mwongozaji. Jina lake sikuliandika, kwa kuwa kwangu mwongozaji wa filamu alikuwa mmoja tu duniani. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa fundi wa mashine za boti Kilindoni. Mengine nimejifundisha kwa kamusi. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri aliniazima kanda za video na magazeti ya zamani. Kila filamu ya mtu yule niliitazama mara mbili: mara ya kwanza kufuata hadithi, mara ya pili kuhesabu picha zilivyokatwa na kuungwa, kila mkato alama moja ya kalamu. Nilijua kwamba baba yake alikuwa mshona viatu, na kwamba alianza kazi kwa kubeba taa za wengine. Nilimheshimu kama mwalimu.

Basi aliposhuka Mafia, miaka michache baada ya hifadhi ya bahari kuanzishwa, nilijitolea kuwa mkalimani wake. Alitaka kutengeneza filamu juu ya hifadhi. Nikampeleka kijijini kwa baba yangu mdogo, mvuvi, ambaye ndiye wa kwanza pale kwetu kuacha juya, ule wavu wa kukokota unaokomba mpaka vifaranga vya samaki. Alilisalimisha kwa hiari kabla watu hawajalazimishwa, na kwa ajili hiyo akachaguliwa kwenye kamati ya kijiji ya kulinda bahari. Mwongozaji alikaa mkekani kwake, akala wali na pweza wa nazi, akaomba aongezwe.

Kisha akaniambia nimwambie mzee: tuonyeshe mlivyokuwa mkivua zamani. Juya kuukuu mwongozaji mwenyewe alikuwa amekuja nalo kwenye boti.

Baba mdogo alinitazama. "Lakini hili limekatazwa."

"Ni kuonyesha tu, baba. Ya zamani."

"Basi mgeni akikuomba umwonyeshe njia uliyopita jana, utamnyima?" Akakunja kikoi, akaingia majini na wenzake watatu. Kwetu mtu aliyekula kwako haombwi karatasi ya ahadi. Ombi la mwongozaji nililitafsiri mimi. Kosa hilo ni langu.

Filamu ilirudi mwaka uliofuata. Ndani yake hapakuwa na neno "zamani". Baba mdogo anakokota juya, picha inakatwa, boti ya doria inakuja mbio, picha inakatwa, uso wake umeshtuka. Sauti inasema kwamba hata walinzi wa bahari huiiba bahari wenyewe. Uso ule ulishtuka kwa sababu mwenzake alikanyaga samaki mwenye miiba ya sumu. Nilikuwepo.

Kamati ikaitisha kikao kumwondoa. Ikimwondoa, kijiji kizima kingemwita mnafiki mpaka anazikwa. Nilibeba televisheni, deki na jenereta, nikaomba dakika kumi.

"Karibu, Bwana Sinema," alisema mjumbe mmoja kijana. "Umeleta na bisi?"

Niliwaonyesha baba mdogo akikokota, nikasimamisha picha. "Nyuma yake kuna mwamba. Uko vipi?"

"Mkavu mpaka miguuni," alisema mwenyekiti. "Bamvua hiyo. Maji yamekupwa hasa." Bamvua ni zile siku za mwezi ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko nyingine zote.

Nikapeleka mbele hadi kwenye boti ya doria. Mwamba ni ule ule, ila umebaki kichwa tu.

"Maji yamejaa, basi," alisema yule kijana. "Si ndiyo kazi yake?"

"Tazama kivuli cha mwamba. Upande ule ule, urefu ule ule. Jua ni la saa nne katika picha zote mbili. Saa nne ya bamvua maji yako wapi?"

Palikuwa na mama mmoja mjumbe, mchokoaji wa pweza. Alipiga goti lake kwa kiganja. "Jamani! Saa nne ya bamvua mimi niko mwambani na mchokoo wangu. Hiyo boti imekuja maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi hasa! Mzee wa watu amekamatwa wiki nzima baada ya kwenda zake nyumbani!"

Wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta macho. Mikono ikanyooshwa, baba mdogo akabaki kwenye kamati. Yule kijana alimfuata. "Shikamoo, mzee. Uniwie radhi."

"Marahaba. Siku nyingine utazame maji kwanza."

Mimi sikucheka. Wale watu waliiona kweli kwa sababu wanaijua bahari. Anayeitazama filamu ile katika nchi za mbali atauona mwamba tu. Nilimwandikia mwongozaji barua, nikamweleza picha kwa picha. Alijibu kwa upole kwamba filamu ina ukweli wake, mkubwa kuliko wa siku moja ya mtu mmoja. Mtoto wa mshona viatu! Angevumilia baba yake aonyeshwe akiiba ngozi ya mteja, kwa ajili ya ukweli mkubwa?

Nilipomsomea barua, baba mdogo aliuliza jambo moja tu: "Huko kwao, bado nakokota?"

"Bado, baba."

Akasema, "Na alikula kwangu."

Daftari sikulichoma. Nilifungua ukurasa wa kazi zake, nikaiandika filamu ile mwishoni mwa orodha. Mahali ambapo kwa nyingine nimeandika idadi ya mikato, hapo nimeandika: picha ya kwanza, bamvua; picha ya pili, maji mafu; mtu aliyemo hakuiba kitu.