Gundi ya Viatu Usoni mwa Mwanamke wa Vijiwe

Saa moja asubuhi, Hasiba Qaddur anapiga magoti mbele ya picha ya kale iliyoundwa kwa vijiwe vya rangi. Analainisha ncha ya kitambaa kilichoganda juu yake, anavuta taratibu. Kijiwe chekundu kinatoka nacho.

“Cha arobaini na moja,” anasema, akikitia koponi.

Hasiba, mwenye miaka hamsini na minane, ni mfagiaji wa makumbusho ya mji mdogo huko Idlib, Syria. Paa limebaki nusu.

Vita vilipokaribia, wafanyakazi walizibandika picha vitambaa kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, ili vijiwe visitawanyike, kisha wakazikinga kwa magunia ya mchanga. Gundi ikaisha ikiwa imebaki picha moja: mwanamke aliyekumbatia kwale. Ndege zilikwishaanza kupita. Hasiba akakimbilia kwa mumewe, fundi viatu, akarudi na kopo la gundi ya soli.

“Nilijua haisikii maji,” anasema. “Nikajiambia, tukipona tutajua la kufanya.”

Jioni ile duka la viatu lilipigwa bomu, mumewe akiwa ndani. Picha ilipona.

“Mama Ghiyath,” Nawras, fundi wa picha hizo, anamtania Hasiba, “viatu alivyonishonea marehemu vilibanduka baada ya wiki mbili. Gundi hii miaka yote imeng’ang’ania!”

“Wewe ulikuwa unavikokota kama punda. Huyu ametulia.”

Wanacheka kidogo, kisha Hasiba anashika tena kisu chake cha kubandulia.

Kwa siku Hasiba hubandua eneo lenye ukubwa wa kiganja tu. Dawa kali aliyoijaribu Nawras ilikula chokaa inayoshika vijiwe, na kwale akapoteza bawa. Sasa kimebaki kitambaa cha usoni tu. Mkuu wa makumbusho anataka picha iwe tayari kabla ya mavuno ya zeituni, ukumbi ufunguliwe.

“Tumalize leo, mama,” anasema Nawras. “Hutaki kumwona?”

Hasiba anaweka kisu chini. Miaka ishirini alimpangusa mwanamke huyo vumbi. Anajua jicho lake moja limekaa upande kidogo.

“Nikivuta, nitamwona mara moja, kisha vijiwe vya uso wake vitabaki kitambaani. Mwambie mkuu ukumbi ufunguliwe hivihivi, uso ukiwa umefunikwa. Atazaliwa mwenye dawa nzuri kuliko yako.”

“Na watu wakiuliza?”

“Niite. Nitawaeleza mwenyewe kwamba ni mimi niliyempaka gundi ya viatu.”