Tofali la Hodi

Enzi zetu pale Mohoro, wenzangu mnaokumbuka, saruji ilikuwa ya msikiti na ya maduka ya Wahindi. Sisi wengine baraza ya mbele ya nyumba tuliitengeneza kwa matofali ya kuchoma yaliyolazwa juu ya mchanga, bila hata koleo moja la zege, na tukaikalia miaka na miaka.

Yetu aliijenga baba, na vibarua wake tulikuwa sisi wanawe. Alichimba kina cha shubiri moja, akashindilia udongo kwa kigogo mpaka jasho likamchuruzika kidevuni, akatutuma mtoni na ndoo. Mchanga akausawazisha kwa ubao, akauinamisha kidogo kuelekea barabarani ili mvua isituingilie ndani. Matofali ya pembeni akayazika wima yayabane mengine. Yaliyobaki akayapanga moja moja, akiyagonga kwa mpini wa jembe. Tukafagilia mchanga mkavu kwenye nafasi zake, kisha baba akatoa amri ambayo sijaisikia tena kwa mzazi yeyote: "Haya, chezeni!" Tuliruka, tukacheza rede humo mpaka matofali yakatulia. Mama akatuletea pepeta ya mpunga mpya, imechanganywa na nazi, tukala tumeikalia kazi yetu wenyewe. Harufu ile ninayo puani mpaka leo.

Tofali moja halikutulia. Nilikuwa nimeficha chini yake kijiwe changu cha mdako, dada yangu asikichukue, nikasahau. Ukilikanyaga linalia ko! Baba akataka kuling'oa, na mimi nikajua fimbo inanisubiri. Mama akacheka. "Liache, baba Somoe. Hilo litakuwa linatupigia hodi."

Basi likaitwa tofali la hodi. Lilikuwa mbele ya mlango kabisa, huingii bila kulikanyaga. Baba alilikanyaga mara moja, kwa uzito. Mimi mara mbili, maana nililirukia makusudi. "Somoe, mbona mapema? Umefukuzwa shule?" Mama yuko ndani, mimi hata mdomo sijafungua! Vijana wa leo mlangoni hawafiki kabisa. Wanasimama barabarani wanakupigia simu: "Shangazi, nipo hapa nje." Sasa nije nikubebe?

Baba alifariki, na macho ya mama yakaisha kidogo kidogo. Akawa anakaa chumba cha mbele, dirisha wazi, anapokea watu kwa ule mlio. "Karibu, Mwanahawa, mguu umepona?" Watu walishika midomo. Alikuwa haoni, lakini hakuna aliyempita.

Halafu mimi, Somoe wa Dar, nikajitia kumpendezesha mama. Dada alikuwa amempeleka hospitali Mchukwi kwa ajili ya macho, nikaona ndiyo nafasi ya kumfanyia jambo zuri akirudi. Nikaita fundi, kijana wa nywele za mtindo. Akaipiga baraza teke. "Shangazi, huu ushamba. Tuyaponde haya yawe kifusi, tumwage zege, nipige niru juu ing'ae kama kioo, bibi akae kama yuko mjini." Nikasema sawa. Sikumuuliza mama hata neno moja. Mjinga mkubwa mimi!

Macho hayakupona. Mama aliporudi alivua kandambili, akapapasa kwa unyayo, huku na huku, kule kwenye utelezi wa niru. "Tofali langu liko wapi?" Nikamwambia tumetia zege, mama, sasa pazuri. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa watu, waliozoea kupigiwa hodi na tofali, wanapanda barazani kimya. Mtu akichungulia dirishani akimwona mama ametulia, anadhani kalala, anaondoka zake. Mvua ikinyesha maji yanasimama mlangoni, hayana pa kuzama. Na mama ananiambia, "Watu wamenichoka, Somoe. Siku hizi hawaji." Namwambia wanakuja. Haniamini.

Nilimfuata yule fundi nikamsihi avunje, anitafutie lile tofali moja tu. Akacheka, maskini, hakujua. "Shangazi, lile lilikuwa linacheza, ndilo nililolianza kwa nyundo. Lile unga sasa hivi." Nikarudi nikakaa juu ya zege lile nikalia kama mfiwa. Baba alijenga kitu ambacho ungeweza kukinyanyua kwa mikono na kukirudisha. Mimi nimejenga kisichorudi.

Juzi nilifika asubuhi kutoka Dar. Mguu ukaenda wenyewe pale pale, nikaruka mara mbili kama zamani. Kimya. Nikaingia mpaka mlangoni, sikubisha hodi, kwetu sijazoea kubisha. Mama alikuwa ameelekeza uso dirishani. Akashtuka.

"Nani wewe?"

Enzi zetu, nyumbani kwetu, sikuwahi kuulizwa hivyo.