Bluu Iliyotoka Dada Hayupo

Dada yangu alipoolewa Itigi aliniachia beseni la mwani. Wenzake huacha magauni. Yeye alikuwa mhudumu wa maabara kwenye shule ya sekondari, na ule mwani, utando wa kijani tu, tuliuchota wote wawili Ziwa Singidani, kwenye maji ya chumvi ambayo ng'ombe akiyaonja anageuza shingo. Alinifundisha kuukoroga kwa mwiko asubuhi, mchana na jioni, na kuuongezea magadi kidogo, maana wenyewe haupendi maji matamu. Alisema ndani ya kile kijani kuna bluu imejificha, ya kutia rangi kwenye peremende na vidonge. Tulijaribu sana kuitoa. Tukaukausha, tukautwanga, tukauloweka. Tukapata supu ya majani.

"Ipo tu," dada alisema. "Siku ikitoka, tuwe wote."

Basi mimi, niliyeishia kidato cha pili, nikabaki nakoroga peke yangu. Majirani wakipita wananitania: "Wewe, kamasi zako zimekua?" Nawajibu zimekua, zinawasalimu. Lakini nikishika ule mwiko namkumbuka dada.

Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna chombo kinachobaki ndani. Sufuria, ndoo, hata kopo la kuku, vyote vinapangwa chini ya bati. Mwaka huo mvua hiyo ilinikuta mnadani. Nilirudi nimelowa chapachapa, nikamkuta bibi mlangoni, uso unang'aa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, na mimea yako nimeinywesha! Maskini, miezi yote hiyo inakunywa machungu. Nimeifunua, nikaisogeza kwenye mchirizi, imeshiba."

Ningemkasirikiaje? Nani kwetu anaacha kiumbe akose mvua ya kwanza?

Nikainama kwenye beseni. Kijani kilikuwa kimezama vipande vipande, kimekufa, na juu yake maji ya bluu. Bluu yenyewe. Maji matamu ya mvua yaliupasua mwani, ukamwaga kila ulichokuwa umeficha.

Nikampigia dada kwa kitochi changu, simu isiyojua kupiga picha.

"Imetoka," nikasema. "Ila mbegu imekufa. Bibi kaipa mvua."

Akacheka, halafu kicheko kikakatika. Nikasikia treni ikipita huko kwake.

"Mbegu tutachota nyingine. Niambie hiyo bluu ikoje."

"Kama sketi yako ya shule. Hapana, nyepesi zaidi. Kama... dada, sijui kusema."

"Jitahidi bwana! Mimi nitaiona lini? Jua likiipiga inapauka hiyo."

Na wingu lilikuwa limeshapasuka, jua linatoka. Nikachutama pale kwenye tope, nikamweleza kila nilichokiona, mpaka bibi akaja kunifunika kanga mgongoni bila kuuliza. Dada bado anauliza, "Na huko pembeni je? Pembeni ikoje?"