Dereva anayebisha hodi kwenye goti lake

Saa moja asubuhi, mawingu yamekaa chini na barabara bado ina unyevu wa jana. Kwenye kituo cha pikipiki kilicho mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, madereva wanafuta viti kwa matambara huku jicho likimtafuta abiria wa kwanza. Mmoja wao hana haraka. Anapanda pikipiki yake ikiwa imezimwa, anaweka miguu mahali pake, anashika usukani kama yuko safarini, kisha anajigonga goti la kulia kwa ngumi. Ko, ko. Halafu la kushoto.

"Hodi," anasema dereva wa pembeni kwa kejeli. "Wenyewe wapo?"

"Wapo," anajibu bila kucheka. "Wamekaa sebuleni."

Huyu ndiye Simu Moja, baba wa watoto wawili, mwenye miaka tisa kwenye kazi hii. Jina alilipata kwa maneno anayowaambia abiria wake: "Wewe piga simu moja tu, mimi hapo."

Anachobishia hodi ni pedi, ile kinga ngumu inayokaa ndani ya suruali ya kuendeshea pikipiki, mbele ya goti. Anataka kuisikia ikijibu akiwa amekaa, si akiwa amesimama. Mwanzoni mwa mwaka hakujua kama kuna tofauti. Aliijua akiwa chini, kwenye ukingo wa barabara, mvua ikimnyeshea usoni.

Lakini kisa chenyewe hakikuanzia barabarani. Kilianzia kwenye macho.

Kituoni hapo kuna kijana anayeitwa Bwana Harusi, kwa sababu kila siku huja amevaa kama anaenda kuoa. Siku moja alitokea na suruali ya kazi ambayo wenzake hawakuwa wameiona. Nyeusi, pedi mbili za magoti, zipu ndefu mapajani za kufungua upepo uingie jua likiwa kali, na bitana ya ndani isiyopitisha maji, ya kuvaa mvua ikianza na kuivua ikikata. Madereva wote waliishikashika. Simu Moja hakuishika.

"Niliiona vizuri tu kwa mbali," anasema. "Kitu kinachokuuma hukisogelei."

Yeye alikuwa na jinzi ya mtumba. Ikilowa asubuhi inakuwa nzito kama mtoto aliyelala, na inakaukia mwilini mpaka jioni. Kabla ya hiyo alikuwa akijifunga mfuko wa nailoni juu ya suruali, mpaka nailoni ikayeyukia kwenye bomba la moshi na kumwachia kovu kwenye shavu la mguu.

Siku ya jua Simu Moja hubeba abiria kama kumi na tano. Siku ya mvua, wakifika watano ni bahati. Sasa mvua ilipokuwa inanyesha, yeye akiwa amejibanza chini ya paa la duka, alimwona Bwana Harusi anatoka, anarudi, anatoka tena. Mkavu. Anapiga mluzi.

Kilichomkera zaidi ni mama mwenye duka la dawa. Mama huyo alikuwa anatafuta dereva mmoja wa kudumu wa kupeleka dawa kwenye zahanati za ng'ambo ya mlima, kazi ya kila siku, mvua au jua. Alikuwa amebakiza watu wawili wa kuwajaribu: Simu Moja kwa uzoefu wake, na Bwana Harusi.

"Nikajua ataangalia nguo," anasema. "Mtu akikuona umelowa, anaona dawa zake zimelowa."

Hayo yangekuwa wivu wa kazi tu, na wivu wa kazi unaisha jioni. Lakini mke wa Simu Moja ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yao, mlango unatazama barabara. Siku moja mchana Simu Moja alipita nyumbani kunywa maji, akamkuta Bwana Harusi ameketi kwenye kigoda, miguu ameitanua kama yuko juu ya pikipiki, na fundi amechuchumaa mbele yake, chaki mkononi.

"Usisimame," fundi alikuwa anamwambia. "Ukisimama unanidanganya."

Bwana Harusi aliinua kichwa, akatabasamu. "Karibu, kaka."

"Ananikaribisha kwangu," anasema Simu Moja. "Kwangu mwenyewe, kwenye kigoda nilichokigongea misumari mimi."

Kijana alibadilisha nguo akaondoka, suruali ikabaki. Fundi aliikalia jioni nzima, ipo mapajani mwake, anafumua hapa, anashona pale. Akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba ni suruali iliyoshonwa na mtu mwenye akili. Mume hakusikia suruali. Alisikia kitu kingine.

Kesho yake alichukua akiba aliyokuwa ameiweka ya kununua tairi la nyuma, sawa na kazi ya wiki tatu, akaenda sokoni kwa muuza nguo za pikipiki.

Muuzaji alimtolea tatu. Moja ya wavu, nzuri kwa joto lakini mvua inapita kama hakuna nguo. Moja kama ile ya Bwana Harusi. Na moja nene mno, ya nchi za baridi, bitana imeshonewa ndani moja kwa moja, haina hata tundu la upepo.

"Ile ya zipu ina pedi ngapi?" aliuliza Simu Moja.

"Mbili. Za magoti."

"Na hii nene?"

"Nne. Mpaka kwenye nyonga."

"Nipe ya nne."

Muuzaji, mtu mzima aliyeona mengi, alimwonyesha benchi. "Keti hapo kwanza, ndugu, tuone goti."

"Mimi sinunui suruali ya kukalia benchi," akajibu. Akajitazama kwenye kioo, amesimama wima kama askari. Pedi zilikuwa zimekaa sawasawa kwenye magoti. Akaongeza saizi moja ili hewa ipite, kwa kuwa aliona itakuwa na joto, akalipa, akaondoka nayo mwilini.

Nyumbani mke wake alimzunguka mara moja akakunja uso. "Baba watoto, kaa nikuone."

"Nikae wapi? Kwenye kile kigoda?"

"Kigoda kina nini?"

"Kina joto la mtu."

Fundi akarudi kwenye cherehani. Mama mzazi wa Simu Moja, anayeishi nao, alikuwa mlangoni anachambua mchele. Ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa: "Mwanangu, umenunua suruali, au umemnunua yule kijana?"

Simu Moja alitoka nje kuipangusa pikipiki.

Siku ya majaribio mama wa duka la dawa alimpa Simu Moja zamu ya kwanza. Boksi likafungwa nyuma ya kiti, na jua lilikuwa kali. Kufika katikati ya mlima, mapaja yalikuwa yanachemka ndani ya ile suruali nene. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, akalegeza mkanda ili apumue. Suruali ikazidi kuning'inia. Halafu, kama kawaida ya kule juu, wingu likaja bila taarifa.

Kwenye kona ya karakana ya mbao, maji yalikuwa yameburuta udongo mpaka kwenye lami. Hakuwa na mwendo wa kutisha. Tairi la nyuma, lile ambalo akiba yake ilikuwa imeenda sokoni, lilikuwa limelika hadi limekuwa laini kama kiganja. Likateleza. Pikipiki ikalala, na goti la kulia likakutana na jiwe la ukingo.

Pedi haikuwepo mahali pake. Ukikaa kwenye pikipiki, suruali hupanda, na ikiwa pana hupanda huku ikizunguka. Waliomwinua waliikuta pedi juu ya paja, imetulia kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Harusi, aliyekuwa anapita na abiria. Alimwomba abiria ashuke, akamvua Simu Moja helmeti taratibu, akamkinga mvua kwa mgongo wake mwenyewe. Gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana, aliuliza boksi linakwenda wapi.

"Nilimwambia aliache," anasimulia Simu Moja, akitazama chini. "Nimelala kwenye maji, goti limefunguka, na nilichokuwa nasema ni kwamba aliache boksi langu."

Bwana Harusi alilifikisha. Kazi akapewa yeye.

Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ilikuwa na ufa. Simu Moja alifungwa plasta akakaa nyumbani miezi miwili na nusu, na nyumba ikala kwa cherehani: sare za shule, pazia, kufupisha suruali za watu. Mizigo ya sare ilihitaji kupelekwa, na aliyekuja kuibeba, bila kudai kitu, alikuwa yule yule. Mara nyingine ilibidi fundi aende mwenyewe kuchagua vitambaa. Alipanda nyuma ya pikipiki ya Bwana Harusi.

"Mke wangu yuko nyuma ya mwanaume mwingine, mimi niko kitandani na mguu kama gogo," anasema. "Nilikuwa naujua mlio wa ile pikipiki toka iko sokoni. Ikichelewa kidogo, nahesabu dakika. Ikija, nakasirika kwa nini imekuja."

Mama yake alikuwa akimwona. Ukimuuliza leo, mama huyo haongelei kijana wala wivu. Anaongelea nafsi yake.

"Kila siku nilikuwa namuuliza amekula nini," anasema. "Honi ikilia nje, moyo unaruka. Lakini sikuwahi kumwambia akae nione goti limefunikwa. Akina mama wenye watoto barabarani, msiulize chakula tu. Mkalisheni mtoto juu ya pikipiki yake, mshike goti kwa mkono wenu. Na mumuulize amevaa kwa ajili ya mvua, au kwa ajili ya macho ya mwenzake. Atakasirika. Mwacheni akasirike akiwa mzima."

Asubuhi moja, plasta ikiwa bado haijatolewa, Simu Moja alishindwa kuvumilia.

"Hivi siku ile," alimwambia mke wake, "ulikuwa unampima nini?"

"Goti."

"Na nini kingine?"

"Goti la pili."

Fundi aliweka mkasi chini. Akaileta ile suruali nene, akaingiza mguu wa mume ulio mzima ndani yake, akamwinua kwa mikono asimame. Pedi ikakaa kwenye goti. Akamkalisha kitandani. Pedi ikapanda vidole vinne, ikageukia nje. Akamsimamisha tena, akamkalisha tena, mpaka mwanaume akafunika uso kwa kiganja.

"Yule alikuja kwa sababu hiyo," fundi anaeleza. "Hata yake ya dukani ilikuwa inapanda. Nikamshushia mifuko ya pedi. Ningemfanyia na mume wangu siku hiyo hiyo, lakini mume wangu alikuwa hakai."

Suruali ile ameifumua yote. Mifuko ya pedi ameishusha, pembeni amepunguza ili isizunguke, bitana ameitoa na kuiwekea vifungo, ya kubandika na kubandua. Mapajani amepachika zipu mbili alizozitoa kwenye begi kuukuu, moja nyekundu na moja ya kijani. Haivutii macho. Simu Moja anasema hilo linamuuma kidogo, basi tu.

Plasta ilipotolewa, hakutaka kupimwa kwenye kigoda. Alisukuma pikipiki mpaka mlangoni, akapanda kwa taabu, goti likagoma, likakubali. Mke wake akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, pini mdomoni.

"Na yeye ulimpigia magoti hivi?" aliuliza kutoka juu.

Fundi alizitoa pini. "Yeye alikuja kwenye kigoda changu. Wewe nimekufuata mpaka kwenye matope. Sogeza mguu."

Akausogeza.

Sasa Simu Moja amerudi kazini, kwa nusu siku, tena na tairi jipya. Goti bado halikunji lote. Akishuka mlima huuma. Mama wa duka la dawa amemwambia kazi imeongezeka, zahanati za upande wa bonde zinahitaji dereva wa pili, na goti likikunja vizuri aje waongee. Bwana Harusi ndiye aliyemtaja jina kwa mama huyo. Simu Moja alimshukuru, kwa sentensi moja, huku akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Mpango mkubwa uko nyumbani. Madereva wa kituo, wale wale wanaomcheka kwa kubisha hodi, wameanza kuleta suruali zao kimya kimya. Kuna zinazorundikana kibandani: za wavu, za nailoni, jinzi za mtumba zinazotaka mifuko ya pedi. Wote itabidi wapimwe wakiwa wamekaa.

"Kushona ni kwake," anasema Simu Moja, amesimama katikati ya mlango na futi ya kupimia mkononi, huku dereva wa kwanza akipanda pikipiki yake nje. "Magoti ya wanaume nitapima mimi."

Ndani, fundi hainui kichwa kutoka kwenye sindano.

"Basi njoo nikufundishe kwanza," anasema. "Hiyo futi umeishika kichwa chini."