Gunia la Bi Ummukulthum

Mie mdomo wangu haujui kufungwa, lakini kwa hili Khairiya ameufunga. Nawaambia nyinyi tu, ila mdogo wake, Jamaldin, asisikie.

Khairiya ni jirani yangu hapa Mji wa Kale, mlango kwa mlango, mwalimu aliyestaafu. Marehemu mama yake, Bi Ummukulthum, alisomesha wasichana sebuleni kwake zama ambazo baba wengi hawakutaka binti zao waende skuli. Aliwafunza hesabu, ulezi na habari za nchi za mbali, na masomo yote aliyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Karatasi zile zilibaki sandukuni zikiliwa na mchwa. Khairiya hakujaliwa mtoto. Hamu yake ilikuwa moja: zihifadhiwe mahali pa salama, watu wajue mama yake alikuwa mwalimu.

Basi ukaja mkutano wa wahifadhi wa nyaraka kuhusu elimu na historia, katika hoteli moja hapa kisiwani, naye akapewa nafasi ya kusema, mie nikamsindikiza. Asubuhi ile alizitia karatasi kwenye gunia jeupe safi, akalifunga, akaliweka juu ya kabati, ili wakikubali zichukuliwe mara moja. Chini hakuweza kuliweka. Marehemu alianza kila ukurasa kwa Bismillahi, hata ule wa kujumlisha na kutoa.

Mkutanoni tulipigwa na baridi ya kiyoyozi mpaka magoti yakaniuma. Wasomi walisema weee, wengine wakasinzia. Zamu ya Khairiya ilipofika alisema yote. Akainuka Beryl, mkubwa wa ghala moja la nyaraka.

"Mwalimu, hizo karatasi ziko wapi? Twende tukazichukue leo."

Khairiya akanishika mkono akalia. Nami nililia, nisiseme uongo.

Tulipofika nyumbani na Beryl tulimkuta Jamaldin ukumbini, kikoi kimerowa. Juu ya kabati hapana kitu.

"Lile gunia liko wapi?" Khairiya akauliza.

"Nimeshakupumzisha, dada. Nililifungua nikaona Bismillahi juu ya kila ukurasa, nikajua ni juzuu chakavu za Kurani. Sikusoma zaidi. Nimelipeleka baharini, kule Mama Ngina, nikalitia mawe, nikalizamisha kwa dua."

Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani. Huzikwa, au hutoswa baharini. Gunia safi lililofungwa na kuwekwa juu, kila mtu wa hapa angedhani hivyo hivyo. Na aliyemfunza Jamaldin adabu hiyo ni mama yake huyo huyo.

Nilitaka kumtolea maneno. Khairiya akanifinya.

"Ahsante, ndugu yangu. Mungu akulipe," akamwambia.

Nje, Beryl akauliza polepole kama kuna nakala, au hata picha. Hakuna. Akaaga, akaenda zake.

"Mbona humwambii?" nikamuuliza Khairiya.

"Akijua hatalala tena. Ndiye niliyebaki naye."

Majuzi kitabu cha mkutano kimetoka. Bi Ummukulthum kapewa mstari mmoja: inasemekana alikuwa na skuli, ushahidi haukupatikana. Watu husema yaliyopita si ndwele. Kwa Khairiya ni ndwele, na haina dawa. Kitabu hicho hata hakitazami.

Jamaldin naye hukaa barazani akijisifu jinsi alivyozistiri zile karatasi, na kwamba marehemu mama yake angefurahi. Khairiya humsikia kutoka dirishani, kisha humtolea chai.